Makaa Yalikwenda Nje, Vumbi Likabaki Mbalizi

Dada yangu Sekela alikuwa akijua nani mgonjwa pale Mbalizi kabla dresa wa zahanati hajajua, maana yeye ndiye aliyekuwa akifua. Alifua shuka za zahanati, alifua nguo za wakubwa wa yadi ya makaa, na Jumamosi alifua za nyumbani kwake. Dresa unaweza kumficha kikohozi chako, ukajikaza mpaka utoke mlangoni. Mfuaji humfichi.

Nasema haya mimi Roza, mdogo wake wa tumbo moja. Sisi ni Wanyakyusa wa upande wa Tukuyu. Yeye aliolewa Mbalizi na Yotamu, mimi nikaolewa mbali, Igowole kule Mufindi, na karani wa shamba la chai. Mengine niliyaona mwenyewe nilipokwenda kumtembelea, mengine alinisimulia akiwa kwangu, na mengine niliambiwa na mwanamke aitwaye Lea, jirani yake, ambaye nitamfikia.

Sekela alizaa watoto watatu. Wawili waliondoka na surua katika wiki moja. Akabaki Asukile, binti, mwenye macho makubwa na kelele nyingi, ambaye alikuwa akimfuata mama yake kijitoni kila siku na kujifanya naye anafua. Yotamu hakuwa mume mbaya. Alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, hajui kumpiga mtu. Ila upole wake ulikuwa wa kukubali kila aliloambiwa na mkubwa.

Mwaka sabini na sita, reli mpya ilipoanza kazi, ikafunguliwa yadi pale Mbalizi. Makaa ya mawe yalichimbwa milimani, yakaletwa kwa malori, yakamwagwa, yakapondwa na kuchekechwa. Mabonge mazuri yalipakiwa kwenye mabehewa kwenda kuuzwa nje ya nchi. Chenga na vumbi vilibaki pale pale, lundo juu ya lundo, mpaka lundo moja likafika ukingoni mwa kijito. Wanaume walifanya kazi kwa koleo na karai, bila hata kitambaa cha pua. Nyumba za nyasi zikaanza kupata mabati. Fanueli, mume wa Lea, alipewa unyapara, akanunua redio ya kwanza katika mtaa ule, na jioni watu walijaa kwake kusikiliza.

Shirika la makaa lilikuwa na ukarimu wake. Kila Ijumaa mfanyakazi aliruhusiwa kubeba gunia la chenga akapikie nyumbani. Kule kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, watu wanalala na jiko ndani. Basi kuni zikaachwa, watu wakawasha chenga, na moshi wake ulikuwa mzito, wa manjano, unakaba koo kama pilipili iliyoungua. Nilipokwenda mwaka sabini na saba nilishindwa kulala ndani. Yotamu alinicheka. "Shemeji, wewe umezoea hewa ya chai," akasema. "Hii ndiyo harufu ya maendeleo."

Ni mwaka huo huo Sekela alipoona jambo kwenye shuka. Upande mgonjwa anapolaza kichwa palikuwa na madoa meusi. Alinieleza kama fundi anavyoeleza kazi yake: damu inaachia kwa maji baridi na chumvi, makohozi yanaachia kwa maji ya moto, lakini doa lile halikuachia kitu. Alilisugua kwa sabuni ya mche, akaliloweka siku mbili kwenye majivu, akalianika juani. Likabaki vile vile. Na wote waliolalia shuka zile walikuwa wapakiaji wa yadi.

Akaichukua shuka moja akampelekea dresa.

"Wanavuta tumbaku mbaya hao," dresa akasema.

"Selestini mlokole yule? Hajawahi kugusa sigara."

"Basi ni mafua. Kila mtu ana mafua." Akaikunja shuka na kumrudishia. "Mama Asukile, kazi yako kufua. Ukinisaidia na kutibu, mimi nitafua?"

Labda angeishia hapo. Lakini wiki ile ile akaja tarishi wa Bwana Kalinga, meneja wa yadi, na furushi la mashati meupe na maagizo mapya. Bwana anasema mashati yake yasifuliwe tena kijitoni. Mama apande juu, kwenye chemchemi ya Wasafwa, mwendo wa saa nzima, akayafulie huko. Na asiyaanike Mbalizi, ayaanike huko huko.

Sekela alipanda mlima, akafua, akaanika, akakaa chini kuyasubiri yakauke. Kutoka pale juu aliiona Mbalizi yote: yadi katikati, nyeusi, na paa za mabati mapya zimeshafifia kwa vumbi. Akakumbuka kwamba Bwana Kalinga alikuwa amewahamishia watoto wake mjini Mbeya tangu mwaka jana, na mwenyewe alikuwa akija asubuhi na kuondoka jioni na gari. Ndipo alipoelewa kwamba yule mtu anajua.

Alimpelekea mashati mwenyewe, yamenyooshwa kwa pasi.

"Bwana meneja, naomba kuuliza. Kwa nini nguo zako nizifue juu?"

"Kwa sababu ni nyeupe, mama."

"Na kifua cha mume wangu ni rangi gani?"

Kalinga alicheka, akamwambia akae. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa Mhehe mwenye sauti ya chini, aliyesoma, na kila mara alitanguliza tafadhali. Akamweleza kwamba Wazungu wamechoma makaa miaka mia mbili na hawajakwisha. Akamweleza kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni, kwamba dawa za zahanati ile anayoifulia zinanunuliwa kwa fedha hizo hizo. "Sasa tukiacha kupeleka makaa nje, wewe utafua shuka za nani? Zahanati itafungwa." Kisha akampa sabuni mbili kutoka kwenye kabati, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Zile sabuni alizitupa chooni. Aliponiandikia barua aliniomba jambo moja tu: mume wangu karani, mwenye taipureta ya ofisi, amwandikie maombi yapelekwe kwa wakubwa Dar es Salaam. Aliyataja mambo matatu: makaa yasisafirishwe nje mpaka lundo lile liondolewe kijitoni, wafanyakazi wapimwe vifua, na watu wasipewe chenga za kupikia. Mume wangu alisoma, akaikunja barua, akaniuliza kama nataka afukuzwe kazi. Nikamjibu dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe: "Dada, nyamaza, ulee mtoto." Maneno manne. Sikumtumia hata salamu za mwisho, kwa sababu niliogopa barua isije ikasomwa njiani.

Hakunyamaza. Asukile alikuwa ameanza kukohoa, na si yeye tu, karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wa namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka sabini na nane, vita vya Kagera vilipokuwa vimeanza, katibu wa tawi aliitisha mkutano wa kijiji kuhimiza kazi. Bwana Kalinga alikaa meza kuu. Katibu alisema kila behewa linalotoka ni risasi kwa adui. Watu wakapiga makofi. Akauliza kama kuna mwenye swali, jinsi wanavyouliza wakati hawataki swali, na Sekela akasimama.

Alisema alichokiona. Hakupamba. Alitaja shuka, alitaja kijito, alitaja mashati yanayofuliwa mlimani. Alisema, "Makaa safi tunayapeleka kwa wenye fedha. Vumbi tunakula sisi na watoto wetu. Mimi sipingi vita. Napinga makaa yale kutoka mpaka tujue yanatufanya nini."

Lea aliniambia baadaye kwamba aliposema hivyo wanawake wengi walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, na kwamba kama mtu mwingine mmoja tu angesimama, mambo yangekuwa mengine. Katibu naye aliliona hilo. Hakumjibu Sekela. Aligeuka upande wa wanaume.

"Ndugu Yotamu, haya ni maneno ya nyumba yako?"

Yotamu alisimama, kofia mkononi. Alimtazama Bwana Kalinga, akamtazama katibu, akatazama kofia.

"Ndugu Katibu," akasema, "mke wangu tangu azike wale watoto wawili hayuko sawa. Usiku anaongea peke yake. Mumsamehe."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Kalinga aliinamisha kichwa kwa huruma, akaandika kitu kwenye karatasi. Sekela alikaa chini. Nyumbani Yotamu alimwambia, "Nimekuokoa," na aliamini anachosema.

Baada ya mkutano ule wanawake saba walimfuata kijitoni mmoja mmoja, kwa siri, kila mmoja na ndoo yake ili aonekane ameteka maji. Wote walikuwa na watoto wanaokohoa. Lea alikuwa wa kwanza. Mtoto wake wa pili alikuwa na umri sawa na Asukile. Wakakubaliana. Jumanne asubuhi, kabla mabehewa hayajavutwa kutoka yadini kuingia njia kuu, watakaa juu ya reli. Hawatapiga kelele, hawatatukana mtu. Watakaa tu na watoto wao mgongoni, mpaka aje mkubwa wa kuwasikiliza.

Asukile aliamka na joto Jumanne ile. Sekela hakumbeba. Alimwacha na Yotamu, ambaye zamu yake ilikuwa ya mchana, akamwambia ampe uji na asiwashe chenga ndani. Akaenda akakaa kwenye reli peke yake. Umande ulikuwa bado. Akangoja. Saa moja ikapita hajatokea mtu, akaanza kujiambia labda wamekosea siku. Ndipo akamwona Lea anakuja kwa njia ya yadi, anatembea upesi, na Sekela akafurahi, akasogea kumpa nafasi. Nyuma ya Lea wakatokea mgambo wanne na Fanueli mnyapara.

"Ndiye huyo," Lea akasema.

Nilimwuliza Lea baadaye kwa nini. Akasema Fanueli alikuwa amemwambia atafukuzwa kazi, warudi kwenye nyumba ya nyasi.

Katibu na Kalinga hawakutaka polisi. Walisema aibu ya kijiji imalizwe kijijini. Adhabu ikawa siku tatu za kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kubeba makaa kwa karai kutoka lundo la mashariki kuyapeleka lundo la magharibi, na yakiisha, kuyarudisha. Usiku alifungiwa stoo ya makoleo. Mchana wanaume aliowafulia shuka walipita na kumwita "meneja". Mmoja alimmwagia karai la vumbi kichwani na kumwuliza kama doa hilo linaachia kwa chumvi. Wenzake walicheka mpaka wakakohoa, na Sekela naye akakohoa, wakawa wanakohoa wote kwa pamoja.

Nyumbani joto la Asukile lilipanda. Ilikuwa na mvua, na Yotamu aliona mtoto anatetemeka, akamwonea huruma, akawasha jiko la chenga, akaliweka karibu na kitanda na kufunga mlango. Asubuhi mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mbavu. Akambeba mpaka zahanati. Dresa akampa dawa ya kikohozi, ya chupa, akasema amrudishe kesho asipopata nafuu. Kesho yake, siku ya tatu, alfajiri, Asukile alikufa mkononi mwa baba yake.

Yotamu alikwenda yadini kuomba mke wake aachiliwe. Alipelekwa kwa Bwana Kalinga. Siku hiyo ndiyo mabehewa ya Jumanne, yaliyocheleweshwa ili wageni kutoka nje waje kuyaangalia, yalikuwa yaondoke, saa kumi jioni. Kalinga alimpa pole, akasimama na kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema, "Tafadhali, tusiongeze msiba juu ya msiba. Amalize siku yake. Akisikia sasa hivi atapiga kelele mbele ya wageni, nitalazimika kumpeleka polisi. Jioni atakuwa huru." Akatoa mbao za sanduku kutoka stoo ya shirika, na seremala wa yadi akaligonga. Yotamu akashukuru.

Makaburi ya Mbalizi wakati ule yalikuwa ng'ambo ya reli, kwenye mteremko. Saa tisa hivi Sekela alikuwa juu ya lundo la magharibi anamwaga karai, akaona watu wanapita na sanduku dogo. Alikuwa mtu wa kanisa. Akaweka karai chini, akainamisha kichwa mpaka wamepita. Mvua ilikuwa nyepesi na watu walijifunika, hakuweza kuwatambua.

Akamwuliza mgambo aliyekuwa akimlinda, "Ni wa nani huyo mtoto?"

"Sijui. Chapa kazi."

Alikuwa anajua. Yadi nzima ilikuwa inajua; hata yule aliyemmwagia vumbi alikuwa anajua, na tangu asubuhi hakuna aliyemtania. Sekela alisema alidhani wamechoka kumtania. Alimwombea mama wa mtoto yule, akabeba karai, akaendelea. Saa kumi mabehewa yakatoka, wageni wakapunga mikono. Saa kumi na mbili wakamfungulia geti.

Yotamu alikuwa amekaa mlangoni, na wanawake wamejaa uani. Hakuna aliyemwambia. Alipoona wanawake wale wamekaa chini miguu imenyooshwa, alielewa. Aliuliza swali moja tu: "Mlipita reli saa ngapi?"

Hakulia. Jambo hilo ndilo lililowachukiza watu, maana kwetu mama asiyelia ana neno lake moyoni. Alikusanya nguo za Asukile zote, gauni mbili na fulana na kijishuka, akapanda nazo mlimani kwenye chemchemi, akazifua, akazianika, akarudi asubuhi zimekauka. Watu wakaanza kusema ni mchawi, kwamba watoto watatu hawafi hivi hivi. Walisema hivyo huku watoto wao wenyewe wanakohoa ndani.

Aliishi hivyo miezi minane, katika nyumba moja na Yotamu, bila kazi, maana zahanati ilimpa shuka mfuaji mwingine. Alilima bustani. Aliteka maji mlimani. Hakusema tena habari ya makaa kwa mtu yeyote.

Mwezi wa nane mwaka sabini na tisa, yadi ikafungwa. Wanunuzi wa nje walikuwa wamepata makaa mahali pengine kwa bei nafuu. Mume wangu aliisikia habari hiyo ofisini kwake. Lakini Bwana Kalinga alipaswa kusimama mbele ya wanaume wale na kuwaambia waweke makoleo chini, na gari lake lilikuwa limeshapakiwa vitu. Akasema kwa sauti yake ile ya chini: "Ndugu zangu, nasikitika. Wanunuzi wamekataa makaa yetu kwa sababu kuna mtu wa hapa hapa aliyeyachafulia jina." Hakumtaja mtu. Akapanda gari akaenda zake, na sikusikia kwamba alirudi Mbalizi tena.

Walifika kwa Sekela mchana, jua kali, yeye anapalilia. Walikuwa wengi, wanaume na wanawake, na mikononi walikuwa na mabonge ya makaa, yale mazuri, ambayo hayakuwa na wa kuyanunua. La kwanza lilimpata sikio la kushoto. Alianguka kwenye maboga. Wakati yuko chini walibomoa ukuta wa jikoni, wakang'oa mabati, wakachoma godoro. Yotamu alisimama kando na kofia mkononi. Walipoondoka akamwinua, akamfuta damu, akamwambia, "Nenda kwa mdogo wako. Mimi hapa ni kwetu, nitakwenda wapi?"

Alifika Igowole na basi, shingo imevimba, na furushi moja. Lile sikio halikusikia tena. Mume wangu aliona haya, akamtafutia kazi ya kufua kwenye nyumba za mameneja wa chai, na dada yangu akaanza tena kazi yake. Maji ya Mufindi ni safi na baridi sana, yanavunja vidole. Alipata chumba chake nyuma ya nyumba yetu. Tulikuwa tukila pamoja, na siku zingine alicheka.

Desemba ya mwaka huo huo, siku ya mvua, Lea alibisha mlangoni kwangu. Sikuwa namjua sana. Alikuwa amekonda, miguu ina tope mpaka magotini, amebeba kuku. Nikamkaribisha, nikamwita dada. Sekela alikuja, akamsalimia vizuri, akamletea kiti, akamtengenezea chai ya maziwa na viazi. Akamngoja amalize kula. Kisha akavuta kigoda, akakaa akimgeuzia sikio zima, ili asikose neno.

Lea alisema Fanueli anatema vitu vyeusi, hawezi kupanda hata ngazi za kanisa. Yotamu naye yuko hivyo. Wanaume kumi na tisa. Madaktari wamekuja kutoka Mbeya, wameunda kamati, wanataka kujua ugonjwa ulianza lini. Lakini daftari la zahanati limeandikwa mafua, mwaka baada ya mwaka, na dresa yule amehamishwa. Wamesema akipatikana shahidi aliyeona tangu mwanzo, wagonjwa watapelekwa hospitali kubwa kwa gharama za shirika, na lile lundo litaondolewa kijitoni. "Shahidi ni wewe tu, Mama Asukile. Hakuna mwingine aliyeona."

"Mlifika wengi siku ile," Sekela akasema. "Nani alitupa la kwanza?"

Lea akaweka kikombe chini. "Mimi."

"Unakumbuka vizuri?"

"Nakumbuka."

"Wewe umebahatika. Mimi tangu bonge lile sikumbuki kitu. Waambie madaktari alivyosema mume wangu mkutanoni, na wewe ulikuwepo: hayuko sawa. Watafanya nini na shahidi ambaye hayuko sawa?"

Lea alipiga magoti, kwenye sakafu yangu ile ya udongo, mbele ya masufuria. "Dada, usinihesabie kosa langu. Nina watoto wanne. Wanakunywa maji yale yale."

"Mimi nilikuwa naye mmoja," Sekela akasema. Hakupandisha sauti. "Nikakukabidhi siri yangu ili asife. Ongeza viazi, Lea, safari ni ndefu."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Lea alilia, aliomba kwa jina la Mungu, kwa jina la mama yetu aliyekufa, kwa jina la Asukile. Lilipotajwa jina hilo Sekela alisimama, akamchukua kuku, akamfunga vizuri miguu, akamrudishia. Kwetu ukimrudishia mtu kuku wake, umemaliza maneno.

Mimi ndiye niliyemsindikiza Lea kituo cha basi. Njiani akaniuliza, "Roza, wewe alikusimulia yote. Njoo wewe basi. Useme tu uliyosikia." Nikamwambia mume wangu hataruhusu. Sikuwa nimemwuliza mume wangu. Mpaka leo sijamwuliza.

Niliporudi nilimkuta dada yangu anaanika shuka za watu barazani kwa sababu ya mvua. Nilimwambia amefanya vibaya. Akasema anajua. Nikamwuliza kama moyo haumsuti. Akafikiri kweli, hakunijibu ovyo. "Nilidhani utanisuta," akasema. "Nimengoja tangu alipopiga magoti. Bado."

Kamati ilikaa siku mbili Mbalizi, ikaandika kwamba chanzo hakijulikani, ikarudi Mbeya. Fanueli alikufa mwezi wa tatu. Yotamu alifuata kabla ya mavuno, na tulipopata barua ya msiba Sekela aliisoma akanipa niiweke, hakwenda. Katika watoto wanne wa Lea walibaki wawili. Lundo lile halikuondolewa; mvua ililiteremsha lenyewe kijitoni, mwaka hadi mwaka.

Dada yangu aliishi nami miaka kumi na miwili. Mwishoni naye alianza kukohoa, na alipokohoa alitoka nje, na vitambaa vyake alivifua mwenyewe, hakukubali nivishike. Tulimzika Igowole, kwenye makaburi ya shamba la chai. Mbalizi sikupeleka habari.